Kuonja na Kunywa: Mvinyo wa Ufaransa na Italia Mezani kwa Marafiki

Jioni za mwisho wa juma, katika miji mingi ya Ufaransa na Italia, marafiki watano au sita hukutana nyumbani kwa mmoja wao, kila mmoja akiwa amebeba chupa ya mvinyo. Mwenyeji huandaa mkate, jibini, zeituni na nyama iliyokaushwa. Chupa huviringishwa karatasi ili jina lisionekane, glasi hupangwa, kisha kila mgeni hujaribu kukisia kama anachoonja kimetoka Bordeaux au Toscana. Hakuna mtaalamu wala zawadi. Furaha ya mkutano huo ni mazungumzo na mshangao wa kukosea.

Chupa za nchi hizo mbili zinauzwa pia katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na zinapofunguliwa huko huzua maswali ambayo baadaye hufika kliniki. Je, mwenye kisukari anaweza kuketi kwenye meza hiyo? Vipi anayetumia warfarin, au anayenyonyesha? Je, ni kweli kwamba mvinyo mwekundu ni kinga ya moyo, kama wengi wanavyoambiana huku wakimiminiana glasi ya tatu? Majibu yake yanahitaji kwanza kutenganisha matendo mawili ambayo mazoea huyachanganya: kuonja na kunywa.

Kilichoandikwa kwenye chupa

Mvinyo wa Ufaransa kwa kawaida huitwa kwa jina la mahali. Bordeaux, kusini-magharibi mwa nchi, hutoa mvinyo mwekundu unaochanganya zabibu za Cabernet Sauvignon na Merlot. Bourgogne, upande wa mashariki, hutegemea zabibu moja tu kwa mvinyo wake mwekundu maarufu, Pinot Noir, wenye rangi hafifu na harufu nyororo. Jirani yake Beaujolais hutumia zabibu ya Gamay, na mvinyo wake huwa mwepesi. Sheria ya mwaka 1935 ndiyo iliyoweka mfumo wa kulinda majina hayo, ili mvinyo wa kwingineko usiuzwe kwa jina la Bordeaux.

Italia iliweka mfumo unaofanana na huo mwaka 1963. Chianti hutoka Toscana na hutengenezwa hasa kwa zabibu ya Sangiovese. Uchachu wake huendana vyema na chakula cha nyanya. Barolo hutoka Piemonte, kwa zabibu ya Nebbiolo. Macho huiona hafifu, lakini kinywa hukuta ina nguvu kubwa. Prosecco, kutoka kaskazini-mashariki, ni mvinyo mweupe wenye viputo. Amarone, kutoka Veneto, hutengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa kwa miezi kadhaa baada ya kuvunwa, hivyo sukari yake hukolea na kugeuka kuwa alkoholi nyingi.

Kwa msomaji anayejali afya yake, neno muhimu kuliko yote kwenye lebo ni asilimia ya alkoholi. Moscato d'Asti ya Italia huwa na takriban asilimia 5, Prosecco takriban 11, Bordeaux nyingi 13 hadi 14, na Amarone aghalabu 15 au zaidi. Glasi moja ya Amarone, kwa hiyo, inabeba alkoholi karibu mara tatu ya glasi ya ukubwa uleule ya Moscato d'Asti. Hata hivyo, asilimia ndogo isimdanganye mwenye kisukari: Moscato d'Asti, sawa na Sauternes ya Ufaransa, ni mvinyo mtamu unaoweza kuwa na zaidi ya gramu 100 za sukari katika lita moja, ilhali mvinyo mkavu kwa kawaida huwa na gramu chache tu.

Lebo ina faida nyingine. Mwaka 1986 wafanyabiashara wachache nchini Italia waliongeza methanoli katika mvinyo wa bei nafuu ili kupandisha kiwango cha alkoholi. Watu wapatao 20 walifariki na wengine walipofuka. Methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva za macho na kuvuruga kemia ya damu. Dalili huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi, na kuona ukungu mweupe. Afrika Mashariki imepoteza watu wengi kwa sumu hiyohiyo, hasa katika pombe haramu. Chupa isiyojulikana asili yake, au ambayo kizibo chake kimechezewa, haifai kufunguliwa; na mtu anayeona ukungu siku moja baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa matibabu yapo na kila saa ina thamani.

Jicho, pua na kinywa

Anayeonja humimina kiasi kidogo, takriban mililita 30. Huinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe na kutazama rangi: mvinyo mwekundu mchanga huwa na rangi ya zambarau, na unapozeeka huelekea rangi ya tofali. Kisha huzungusha glasi ili mvuke wa mvinyo upande, na hunusa. Kazi kubwa hufanyika hapo. Ulimi hutambua ladha chache tu: utamu, uchachu, uchungu, chumvi na ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote ambayo watu huyaita ladha ya mvinyo, kama vile matunda, maua, viungo na moshi wa mapipa ya mwaloni, ni harufu. Pua ya binadamu ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Ugunduzi wa familia hiyo ya vipokezi uliwapatia Linda Buck na Richard Axel Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2004.

Baadaye mvinyo huingia kinywani. Ukiwa humo, mvuke wake hupanda puani kupitia nyuma ya koo. Njia hiyo ndiyo inayomfanya mgonjwa wa mafua aone chakula hakina ladha ingawa ulimi wake ni mzima. Kinywani pia ndimo unamojitokeza ukakasi, ambao ni mguso na wala si ladha. Tanini zinazotoka katika maganda na mbegu za zabibu hunasa protini za mate, na utelezi wa kinywa hupotea. Aliyewahi kula bibo la korosho, ndizi mbichi, au kunywa chai ya rangi iliyokolea mno anaijua hali hiyo tayari. Barolo changa ina ukakasi wa namna hiyo. Beaujolais haina sana.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika mezani kwa marafiki. Mwonjaji wa kazi, ambaye huweza kupitia aina nyingi za mvinyo kwa siku moja, hutema. Katika vyumba vya kuonjea vya Bordeaux na Piemonte, chombo cha kutemea huwekwa mezani kama glasi zenyewe, na hakuna anayeona kutema kuwa ni utovu wa adabu. Harufu imeshafika puani, ukakasi umeshapimwa, na kumbukumbu imeshaandikwa. Kinachoongezwa na kumeza ni alkoholi, na si maarifa.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 kutoka Bordeaux linaonyesha jinsi hisi zetu zilivyo rahisi kupotoshwa. Wanafunzi 54 wa sayansi ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Jicho liliiamuru pua. Ndiyo sababu kufunika chupa kwa karatasi huleta haki mezani: bei na jina kubwa navyo huiamuru pua.

Mchezo huu huweza kufichua jambo la kitabibu. Mgeni akigundua kwamba wenzake wote wananusa na yeye hanusi chochote, asilichukulie kuwa ni uzembe wa pua. Kupotea kwa uwezo wa kunusa huweza kufuata UVIKO-19 na maambukizi mengine ya njia ya hewa, huweza kusababishwa na vinundu vya ndani ya pua, na kwa baadhi ya watu hutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka. Hali hiyo ikidumu kwa majuma kadhaa, inafaa kuelezwa kwa daktari.

Hesabu ya glasi

Chupa ya kawaida ina mililita 750. Ikiwa mvinyo una asilimia 13 ya alkoholi, chupa hiyo inabeba takriban gramu 77 za alkoholi halisi. Ufaransa huhesabu kipimo kimoja cha kinywaji kuwa gramu 10, kwa hiyo chupa moja ina karibu vipimo nane. Watu sita wakimaliza chupa sita, kila mmoja amekunywa vipimo vinane, hata kama jioni yote iliitwa ya kuonja.

Hata kiasi kidogo hujumlishwa. Mililita 30 kutoka kila chupa kati ya sita ni mililita 180, yaani takriban gramu 18 za alkoholi. Anayemeza kila tone amekunywa karibu vipimo viwili kabla ya chakula kikuu kuletwa. Anayetema hupata sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, ingawa si sifuri, kwa sababu kidogo hupenya katika utando wa kinywa na kidogo huteleza kooni.

Ini la mtu mzima mwenye afya huvunja takriban gramu 7 hadi 10 za alkoholi kwa saa. Kahawa, maji baridi na kuoga haviharakishi kazi hiyo. Aliyekunywa sawa na chupa nzima kuanzia saa mbili usiku anaweza kuwa bado na alkoholi katika damu saa moja asubuhi, wakati anashika usukani au anaingia wodini kupokea zamu. Mtu huyo huamini kwamba usingizi umemsafisha, kumbe saa ndizo zinazosafisha, nazo hazijatosha.

Mamlaka ya afya ya umma ya Ufaransa inawashauri watu wazima wanaoamua kunywa wasizidishe vipimo 10 kwa juma, wasizidishe viwili kwa siku, na wawe na siku za kutokunywa kabisa. Ushauri huo ni ukomo wa juu. Asiyekunywa hana sababu ya kuanza ili aufikie.

Dai la kinga ya moyo

Imani kwamba mvinyo ni dawa ina mizizi ya kueleweka. Katika karne ya 19, maji ya miji mingi ya Ulaya yalibeba kipindupindu na homa ya matumbo. Louis Pasteur, aliyekulia Arbois katika eneo la mizabibu na aliyechapisha utafiti wake kuhusu magonjwa ya mvinyo mwaka 1866, aliuona mvinyo kuwa kinywaji salama kiafya, na kwa kulinganisha na maji ya zama zake alikuwa na hoja. Hoja hiyo ilikwisha nguvu pale maji safi yalipofika majumbani.

Imani ilifufuka mwaka 1991, kipindi cha televisheni cha Marekani kilipoeleza kwamba Wafaransa hula mafuta mengi ya wanyama lakini hufa kidogo kwa magonjwa ya moyo, na kwamba huenda mvinyo mwekundu ndio sababu. Mwaka uliofuata Serge Renaud na Michel de Lorgeril walichapisha hoja hiyo katika jarida la Lancet. Mauzo ya mvinyo mwekundu yalipanda Marekani, na usemi wa glasi moja kwa moyo ukaenea duniani.

Utafiti uliofuata umeidhoofisha hoja hiyo. Kundi la wasiokunywa katika tafiti nyingi za awali lilikuwa na watu walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa, hivyo wanywaji wa kiasi walionekana wazima kuliko walivyo. Wanywaji hao wa mvinyo pia, kwa wastani, walikuwa na kipato kizuri zaidi, walikula mboga zaidi na walivuta sigara kidogo. Resveratroli, kemikali ya maganda ya zabibu iliyosifiwa sana, hupatikana katika mvinyo kwa miligramu chache tu katika lita moja, kiasi kisichokaribia kile kilichotumika katika majaribio ya maabara.

Upande wa madhara, ushahidi ni imara. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Mwili huigeuza alkoholi kuwa asetaldehaidi, inayoharibu vinasaba vya seli. Saratani zinazohusika ni pamoja na za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Alkoholi ni ileile, iwe katika Barolo ya bei kubwa au katika pombe ya kienyeji. Vilevile, unywaji hupandisha shinikizo la damu na huongeza hatari ya mapigo ya moyo kukosa mpangilio. Januari 2023, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kwamba hakuna kiwango cha unywaji kinachoweza kuthibitishwa kuwa hakina hatari kwa afya.

Wafaransa wenyewe wamebadilika. Hadi mwaka 1956 watoto wadogo waliweza kupewa mvinyo katika migahawa ya shule. Mwaka huo ulipigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 14. Katika miaka ya 1960 mtu mmoja alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka. Leo wastani huo haufiki nusu yake. Wanaoupenda mvinyo bado wapo, ila wengi wao huunywa kidogo na kwa nadra zaidi.

Nani asiguse glasi

Mjamzito asinywe kabisa, kwa kuwa alkoholi huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ini lake halijakomaa. Anayetumia metronidazole afuate maelekezo ya dawa hiyo, yanayomtaka ajiepushe na kileo wakati wa matibabu na kwa siku chache baadaye. Anayetumia dawa za kifua kikuu, methotrexate, au anayeishi na homa ya ini aina ya B analo ini ambalo tayari lina mzigo. Warfarin hubadilika nguvu kwa unywaji, na damu huweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Diazepam, phenobarbital na dawa kali za maumivu zikikutana na pombe huweza kudidimiza upumuaji. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU hukabiliwa na hatari ya kusahau dozi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide anastahili maelezo ya pekee. Ini linapokuwa na kazi ya kuvunja alkoholi, hupunguza utengenezaji wa sukari, na sukari ya damu huweza kushuka saa nyingi baadaye, hata alfajiri. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa na maneno yasiyoeleweka. Marafiki waliokuwa naye mezani huziona dalili hizo, husema amelewa, na humwacha alale. Kosa hilo huua. Anayeketi mezani na mgonjwa wa kisukari anapaswa kujua kwamba mtu aliyechanganyikiwa hupimwa sukari kwanza. Na ikiwa kipimo hakipo na bado anaweza kumeza, hupewa kinywaji chenye sukari. Asiyeweza kumeza asipewe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali mara moja.

Kwa aliyeacha pombe baada ya uraibu, hata kutema hakumfai. Harufu peke yake huweza kuamsha hamu iliyotulia kwa miaka. Rafiki wa kweli humwalika siku nyingine, kwa mlo mwingine.

Wajibu wa mwenyeji na swali la kliniki

Mwenyeji anaweza kuifanya meza yake iwe salama bila kuipunguzia raha. Aweke chombo cha kutemea mbele ya kila wageni wawili, na yeye awe wa kwanza kukitumia ili wengine wasione haya. Chupa tatu zatosha watu sita. Waanze na mvinyo mwepesi na mkavu, wamalizie na mzito na mtamu, na chakula kitangulie. Maji yawepo kwa wingi. Awepo pia juisi ya zabibu au mvinyo ulioondolewa alkoholi kwa asiyekunywa, akikumbuka kwamba baadhi ya aina hizo hubakiwa na hadi asilimia 0.5. Usafiri wa kurudi upangwe kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Zaidi ya yote, asimshurutishe mgeni wala kumtaka aeleze sababu: jamii zetu huhesabu kukataa kinywaji kuwa dharau, na wagonjwa wengi hunywa juu ya dawa zao ili tu wasilazimike kutaja ugonjwa wao mbele za watu.

Mtaalamu wa afya naye abadili swali lake. Anayeuliza, "Je, unatumia pombe?" mara nyingi hujibiwa kwamba hapana, kwa sababu mgonjwa haihesabu glasi ya mvinyo kuwa pombe. Afadhali aulize: "Juma lililopita ulikunywa mvinyo, bia au kileo kingine siku ngapi? Siku moja glasi ngapi, na glasi yenyewe ukubwa gani?" Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi, AUDIT, linalojazwa kwa dakika chache na linalomsaidia mhudumu kutambua ni nani anahitaji ushauri mfupi na ni nani anahitaji matibabu.

Mgonjwa aliyealikwa kwenye jioni ya namna hii anaweza kuuliza kabla, kliniki au kwa mfamasia, akitaja dawa zote anazotumia. Akiambiwa asimeze hata tone, na hali yake ikimruhusu kukaribia kileo, bado anaweza kuketi na marafiki zake, kuzungusha glasi, kunusa Chianti na Bourgogne, na kubishana nao kuhusu ipi ni ipi.